Mama Alivyousikia Wimbo wa Nchi

Mimi nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wa pale shule ya Kaaga wanalijua hilo. Kwa hivyo niliposema siku ya wazazi kwaya itaimba ule wimbo wa roki wa yule Mmarekani, hakuna aliyebisha. Na nani angebisha? Huku kwetu kila mtu aliupenda. Redio zilikuwa zinaupiga kila sikukuu ya taifa. Ngoma zinapigwa za gwaride, gitaa linalia, halafu jamaa anapasua koo: nchi yangu, nchi yangu! Beti zenyewe anazimung'unya kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini nani alikuwa na shida na beti? Mimi mwalimu wa Kiingereza, tena wa kujigamba, nilifundisha kiitikio na kununua bendera ndogo za kupepea.

Nilikuwa na sababu yangu. Kaka yangu alikuwa mwanajeshi. Alirudi kutoka vitani na mguu mmoja usio na nguvu, na tangu arudi alikuwa hatoki nje ya boma la mama. Kanisani haendi, sokoni haendi. Watu wakija kumwona anajifanya amelala. Nilimbembeleza mwezi mzima aje awe mgeni wetu, mwishowe akakubali shingo upande. Nilitaka wimbo ule umwamshe.

Jumamosi kabla ya sherehe nilikuwa jikoni kwa mama. Yeye anachambua maharagwe, mimi nimeuweka wimbo kwa simu. Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, akauliza huyo mtu anasema nini. Nikamtafsiria kiitikio kwa Kimeru, na neno la nchi nililolipata ni nthi. Sasa, nthi ni nchi, sawa, lakini kwa mkulima nthi ni udongo, ni shamba lake.

Mama akaacha maharagwe. "Ai! Walimnyang'anya shamba?"

"Mama, anaisifu nchi yake."

"Ati anasifu? Mtu aliye na shamba lake hapigi mayowe hivyo. Huyo amerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa. Hebu sikiza vizuri, wewe uliyesoma."

Nilikasirika, sifichi. Nikachukua kalamu nimwonyeshe amekosea. Nikawa nausimamisha wimbo, naandika beti mstari kwa mstari. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wimbo ulikuwa wa mwanajeshi. Amerudi, kazi hakuna, rafiki zake wamebaki kule, watu wanamwita shujaa kisha wanageuza uso. Ile nchi yangu alikuwa anaidai, hakuwa anaishangilia. Wazungu wenzake labda waliyajua hayo, sisi tulikuwa tumeshika ngoma tu. Na mimi nilikuwa tayari kumpepea kaka yangu bendera usoni!

Mpaka leo namshukuru Mungu kwa kunipa mama yule, na maharagwe yake, na masikio yake. Zilikuwa zimebaki siku nne. Bendera nikazifungia kabatini, ngoma nikaziondoa. Nikawaambia wanafunzi ukweli kwamba mwalimu wao alikosea, kisha tukajifunza beti zote, polepole.

Siku yenyewe wazazi wengine walinung'unika kwamba wimbo mzuri tumeuharibu. Waache wanung'unike. Macho yangu yalikuwa mstari wa mbele, kaka yangu akiwa kando ya mama, kichwa ameinamisha. Niliogopa angeinuka aende zake, na nilijua akienda siku hiyo hatatoka tena. Hakuinuka. Wimbo ulipoisha hakupiga makofi pia. Alimgeukia mama, akamwambia kwa Kimeru, sauti ya chini, "Mama, nimerudi."

Alikuwa akilala chini ya paa la mama karibu miaka miwili. Mama akamshika mkono.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuchoka kungoja."