Chumba cha Shosho Kilichoezekwa kwa Mawingu

Nakumbuka siku moja kule Kabazi nimelala chali ndani ya chumba kisicho na paa, nikiangalia mawingu yakipita mahali mabati yangekuwa. Mwanangu, najua nina miaka kumi na saba na ndevu nne, lakini nisikize tu. Mimi nimewahi kuajiri fundi wa nyumba, wewe bado.

Chumba kilikuwa cha Shosho, nyanya yangu. Kile chake cha zamani kilivuja mpaka akawa analala na sufuria miguuni, na mvua ya masika ilikuwa imeanza kunukia. Mama alikuwa kazini Nakuru, kwa hivyo aliniambia kwa simu nipatane na fundi. Nikamleta Rono, nikamwambia tutamlipa kwa siku. Bei ilisikika ndogo, nami nikajiona mjanja.

Rono alikuwa mtu mzuri. Shida ni kwamba yeye alikuwa na hadithi, na mimi nilikuwa na masikio. Anaweka jiwe moja, ananisimulia vile fisi aliingia harusini. Anaweka la pili, namrudishia uongo wangu wa shuleni, tunacheka mpaka saruji inakauka kwa karai. Ukungu unapanda kutoka bondeni, chai inakuja, jua linahama ukutani polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Zile siku zilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Wiki mbili za malipo ziliyeyuka hivyo, na ukuta ulikuwa umefika kifuani tu.

Basi siku hiyo, nikiwa chali na Rono kando akisimulia, tone likaniangukia puani. Shosho akaingia na kiti chake cha plastiki na mwavuli, akaketi katikati ya chumba.

"Nimehamia," akasema. "Rono, nyumba yako mwenyewe ungemlipa fundi vipi?"

Rono akakuna shingo. "Yangu? Kwa hatua, Shosho. Msingi ukiisha tunaangalia, nalipa. Ukuta ukiisha, nalipa. Paa hivyo hivyo."

"Na hukumwambia huyu?"

"Aliniuliza ya fisi tu."

Shosho akanigeukia. "Hadithi umekula zote. Mimi nijifunike na ipi?"

Nikainuka, nikajipangusa vumbi. Tukapatana upya hapo hapo: ukuta uliobaki na bei yake, paa na bei yake, na sisi wenye nyumba tukichelewesha kuleta mawe, siku hiyo tunamlipa. Hadithi zikahamia saa ya chai. Mvua kubwa ilipofika, Shosho alikuwa chini ya mabati mapya, na sufuria imerudi jikoni.

Kwa hivyo, mwanangu, kazi isiyojulikana itaishia wapi, kama kutafuta bomba linalovuja, lipa kwa siku. Chumba kinachopimika, patana kwa hatua, andikeni, na paa usililipe kabla hujaliona. Zaidi ya yote, muulize fundi angelipiaje nyumba yake mwenyewe, halafu unyamaze.

Mungu akupe mabati yasiyovuja, fundi mwenye hadithi nzuri, na nyanya wa kukuamsha kabla mvua haijakuamsha.