Mdomo wa Kyakimwa Ukumbini

Watu waliokaa karibu na Kyakimwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu walidhani anasali. Kila Jumamosi alikaa safu ya tatu, simu mkononi, akirekodi mechi ya binti yake, na midomo yake haikutulia kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Mama mmoja wa Kizungu aliwahi kumwambia kwamba inapendeza kuona mzazi mwenye imani kubwa kiasi hicho. Kyakimwa alimpa tabasamu zuri, kisha akaendelea kumtukana kocha.

Alitukana kwa Kiswahili, na humo ndimo ilimokuwa raha yake yote. Kocha wa klabu alikuwa mtu mwembamba mwenye nywele nyekundu, naye Kyakimwa alimbatiza Kiberiti. Kiberiti haoni. Kiberiti amelowa maji, ndiyo maana akili haziwaki. Refa ameuza macho yake. Yule msichana mrefu ana mikono ya siagi, na mama yake analijua hilo, ndiyo maana anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Wakati wa mapumziko aliwapungia wote mkono, nao wakampungia.

Usimhukumu haraka, ingawa yeye angekuhukumu wewe kabla hujafunga mlango. Siku tano za wiki Kyakimwa alihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea karibu na Westmead, Sydney, na huko alikuwa na sauti nyingine kabisa, laini, ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa hai. Kulikuwa na mzee mmoja aliyemwita majina nisiyoweza kuyaandika hapa kila alipomvua soksi. Kyakimwa alitakiwa kusema "yes, darling" na kuhamia soksi ya pili. Mwenzake mmoja aliwahi kumjibu yule mzee, akaandikiwa ripoti. Kyakimwa hakujibu hata mara moja kwa miaka tisa. Aliyameza Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi akaja kuyatapika yote pale ukumbini Lidcombe. Mumewe, Symphorien, anayeendesha lori la makontena bandarini Port Botany, aliomba mwenyewe zamu za Jumamosi ili asikae naye safu moja.

Na kati ya wote, hakuna aliyeogeshwa matusi kama binti mwenyewe. Vanessa alikuwa na miaka kumi na saba, jezi namba tisa, ndiye aliyeichezesha timu. Kyakimwa alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto huyo achukuliwe na chuo cha Marekani kwa sababu ya mpira, asome huko kwa gharama ya chuo, arudi akiwa mtu asiyelazimika kumvua mtu soksi. Alilitaka jambo hilo kwa hasira. Kila mpira aliopoteza Vanessa, yeye aliona ni mlango wa Marekani unafungwa.

Mwezi wa tano walicheza mechi moja mbaya sana. Vanessa alipokonywa mpira mara tatu, akakosa mitupo huru miwili, na timu ikafungwa kwa aibu. Kyakimwa akainua sauti, maana kelele za ukumbi zilimficha.

"Ona ule mutoto," aliiambia simu. "Nilimubeba mu mugongo siku tatu mpaka Uganda, na risasi nyuma. Kumbe nilikuwa nabeba gunia ya muhogo."

Akairudia mara mbili zaidi, kwa sababu aliona imekaa vizuri. Vanessa alikuwa kwenye mstari hatua chache chini yake, akisubiri kurusha mpira, na hakugeuka. Kyakimwa hakushangaa. Mtoto aliingia Sydney akiwa na miaka sita, na tangu amalize shule ya msingi hujibu kila kitu kwa Kiingereza. Mama yake alijua anaelewa "njoo ule" na "osha vyombo". Mengine aliamini yalishamtoka, kama meno ya utoto.

Kuhusu Marekani, Kyakimwa alianza kwa kuharibu. Aliandika mwenyewe kwa makocha thelathini na mmoja, barua ndefu zenye vita, kambi, Mungu na picha ya Vanessa akipokea kipaimara, akasaini "mama ya Vanessa". Hakuna hata mmoja aliyejibu. Akawatukana wote, thelathini na mmoja, kwa zamu.

Aliyemfungua macho ni Leokadia, Mtanzania waliyefanya naye kazi, ambaye mpwa wake alichukuliwa na chuo cha Marekani kwa mbio za riadha. Kyakimwa hakumpenda Leokadia wala Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Lakini alimsikiliza, huku akikunja shuka kwa nguvu nyingi kuliko zilivyohitaji. Leokadia alimweleza kwamba kocha hataki barua ya mzazi. Mzazi akiandika, yeye anaona mtoto asiyeweza kujisemea. Mtoto aandike mwenyewe, mistari michache: urefu, nafasi anayocheza, namba ya jezi, alama za darasani, mwaka atakaomaliza shule. Aweke video ya dakika mbili au tatu, mazuri yake yatangulie, maana kocha ana mamia ya kutazama na hangoji. Na wakimtaka kweli, wataomba mechi nzima isiyokatwakatwa, kwa sababu mazuri kila mtu anayo. Wao wanataka kuona ukipoteza mpira unafanya nini, na ukitolewa unakaaje benchi.

"Naomba nikwambie jambo moja la mwisho, dada," alisema Leokadia. "Hiyo video yenu muitoe sauti kabla hamjaituma."

Kyakimwa alimkumbuka ghafla amekaa nyuma yake Jumamosi moja, mgeni wa mtu fulani, kimya kabisa kwa robo zote nne. Hakumsemesha wiki nzima.

Ila alifuata kila neno. Vanessa aliandika mwenyewe, akakata video mwenyewe. Wiki ya tatu likaja jibu kutoka chuo kimoja kidogo katikati ya mashamba ya mahindi. Aliyeandika ni kocha msaidizi, Mkenya aitwaye Kinuthia. Alikuwa na maswali machache kwa mchezaji, na alitaka mechi nzima. Kyakimwa alichagua ile dhidi ya timu ya Penrith, Vanessa alipofunga pointi ishirini na mbili. Akamrushia mtoto rekodi hiyo, akamwambia atoe sauti, akamwambia tena akiwa mlangoni, na mara ya tatu kwa simu kutoka kituo cha treni. Vanessa alisema okay mara zote tatu.

Kinuthia alipiga simu ya video Jumamosi ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, wakati huko chuoni ni Ijumaa jioni. Kyakimwa alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kufukuza kila kikombe mezani. Vanessa alikaa pembeni yake akiwa na nguo za mechi. Yule kijana akamsalimia mama kwa Kiswahili, kwa adabu, na Kyakimwa akafurahi kwa muda kama wa pumzi mbili. Halafu akakumbuka ile sauti ya video.

"Mama, nimetazama mechi yote," Kinuthia alisema. "Nimeitazama na sauti."

Akaendelea kueleza, na kadiri alivyoeleza Kyakimwa alitambua kwamba hazungumzii mechi ya Penrith. Alizungumzia ile ya mwezi wa tano, waliyofungwa kwa aibu. Alisema mchezaji alipokonywa mpira mara tatu, na mara zote tatu alikuwa wa kwanza kurudi kukaba, wakati wenzake wanamlalamikia refa. Alisema hapo ndipo alipomwita kocha mkuu aje atazame. Nafasi ni ya Vanessa, mradi alama zake zisishuke. Barua itakuja ndani ya wiki mbili.

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Kyakimwa alikuwa ameshawaka. Alimuuliza yule kijana ni nani aliyempa ruhusa ya kusikiliza maneno ya watu, maneno ya mama na simu yake. Akamuuliza kama kwao alilelewa na malaika. Akamwambia kumbeba mtu siku tatu porini si kazi ya mtu anayekaa ofisini akitazama wasichana wanarukaruka. Na hayo yote aliyasema kwa sauti kamili, bila kuficha midomo, kwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii. Kinuthia alimwacha amalize.

"Sikuja kukulaumu, mama," alisema. "Vanessa ndiye aliniandikia nisizime sauti."

Akaaga, akampongeza mchezaji wake kwa Kiingereza, uso wake ukatoka kwenye kioo. Kyakimwa aligeuka polepole na kiti chake chote.

"Nilikuambia utoe sauti," alisema. "Mara tatu. Na nilikupa ya Penrith. Ulisahau?"

Alingoja Kiingereza. Alikuwa hata ameandaa la kukijibu.

"Sikusahau," Vanessa alisema. "Aliniuliza sababu ya nini niko nataka kwenda kusoma mbali na kwetu. Nikamutumia ile ya gunia."

Kilikuwa Kiswahili cha Butembo, mji walioukimbia, kizima, cha mama yake mwenyewe, bila neno hata moja lililopungua. Hakukuwa na machozi ndani yake wala ukali. Alikisema jinsi mtu anavyotaja saa.

Kyakimwa alifungua mdomo. Aliyapitia yote aliyokuwa nayo, ya Kiswahili, ya Kinande cha kwao, hata yale machache ya Kifaransa ya shuleni, akitafuta moja la kumtupia. Kila lililomjia, mtoto alikuwa ameshalisikia, amesimama pale kwenye mstari na mpira mkononi. Miaka sita ya Jumamosi. Akaufunga tena.

Vanessa alisuuza kikombe chake, akachukua begi, maana siku hiyo walikuwa na mechi saa tano. Mlangoni akamwambia mama yake, bado kwa Kiswahili kilekile, kwamba nafasi imeshapatikana, na leo si lazima aje kurekodi.