Siku Mtani Wangu Alipomjibu Wakala wa Viza

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa vile Kabuta nzima, kijiji chetu cha wavuvi upande wa Zambia, inakijua kisa hiki, na wengine wanakisimulia vibaya (eti nililia, sikulia, ni moshi wa samaki ulioniingia machoni), afadhali mkisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa friji. Vile vyumba vya baridi vya samaki hapa ziwani vikizima, naitwa mimi, na ufundi huo ndio ulionitia ndoto ya Australia, maana kule wanatafuta mafundi kama sisi, mshahara wa kueleweka, na mke na watoto unakwenda nao. Nikampata wakala Lusaka, Mama Wivine, mzaliwa wa Lubumbashi, mwanamke mpole lakini kwenye karatasi hana mchezo. Akanitumia fomu kwenye simu, nikajaza vizuri tu, mpaka nikafika kwenye swali moja: je, umewahi kukamatwa au kurudishwa na serikali ya nchi yoyote?

Hapo kidole kikasita. Kwa sababu kuna mwaka nilivuka ziwa kwenda Kilwa, upande wa Kongo, kumzika mjomba, bila karatasi yoyote (nani anaombwa karatasi ya kwenda kilioni?), nikashikwa, nikalala kasho siku mbili, kasho ndiyo mahabusu yao, halafu nikapandishwa mtumbwi nikarudishwa Zambia, suruali imelowa chapachapa, nimejifunga kikwembe, yaani kitenge, cha mama mdogo. Mke wangu akasema weka "ndiyo", ueleze. Mimi nikamjibu kwa kiburi, Kilwa imekuwa nchi ya nje tangu lini? Si ndiko alikozaliwa mama yangu? Si tunaazimana chumvi? Nikabonyeza "hapana". Kitendo cha kufumba na kufumbua, jamani.

Sasa asubuhi moja niko mwaloni natengeneza kompresa ya chumba cha baridi, mikono imejaa grisi, mitumbwi ndiyo imetua, wanawake wanagombania samaki, baiskeli zinapakiwa, simu ikalia. Mama Wivine. Simu yangu ile sehemu ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo lazima niweke sauti kubwa, na mtu mwenye akili zake angesogea kando, lakini mimi nilitaka watu wasikie kwamba naongea na Lusaka mambo ya Australia (mtu mzima, na ndevu zangu!).

"Baba fundi, leo minatuma dosye yako," akasema, dosye ndilo faili la maombi. "Ulizo ya mwisho tu. Hakuna inchi yenye ilikurudishaka?"

"Hata siku moja, mama!" nikajibu kwa sauti ya mhubiri.

Kumbe nyuma yangu yuko Kalobwe. Kalobwe ana mtumbwi wa injini, na ni mtu wa ukoo wa Mamba, mimi ni wa ukoo wa Samaki, kwa hiyo ni watani wa kuzaliwa: anaweza kunitukana popote, hata kwenye msiba wangu mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Akapaza sauti: "Muongo huyu! Kilwa balimufukuza! Miye njo nilimuleta na bwato yangu, anatetemeka na kikwembe ya mwanamuke!"

Mwalo mzima ukacheka. Lakini ulimi ukawahi: "Mama, usimusikilize, huyu ni mtani wangu, kazi yake ni kunichafua." Na Mama Wivine naye akacheka! Utani anaujua. Nilikuwa nimeshapona.

Lakini mwongo hatosheki, anataka na shahidi. Nikamwona mama mdogo Odette, mdogo wake mama yangu, anayevusha samaki wakavu kutoka Kilwa, mwimba kwaya, mtu ambaye hata bei ya samaki hadanganyi. Nikamsogezea simu mdomoni nikamwambia, mama mudogo, ambia huyu mama kama ni utani.

Akapangusa mikono, akaishika simu kwa heshima zote. "Jambo mama. Eh, ni utani, bale banataniana tangu utoto." Roho yangu ikatulia. Akaendelea: "Lakini kumufukuza, balimufukuza kweli. Na kikwembe ilikuwa yangu, mpaka leo hajanirudishia."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikamwomba Mungu mtandao uwe umekatika. Haukukatika.

"Baba fundi," akasema Mama Wivine polepole, "ulienda kufanya nini kule?"

"Kumuzika mujomba, mama."

"Kilio, ile tunaweza kueleza, batu banaelewa. Lakini ukificha, alafu bavumbue, banakufungia mulango, weye, bibi yako na batoto. Karatasi yenye balikupa iko wapi?"

"Ililowa. Niliitupa."

"Basi leo situmi kitu. Andika yote, na unipatie mutu mwenye alikuona siku ile, asikuwe wa jamaa yako, aweke saini."

Nyumbani mke wangu hakusema "si nilikuambia". Aliniwekea ugali, akaenda kukaa na watoto. Bora angenipigia kelele.

Na huyo shahidi ni nani, kama si Kalobwe aliyenivusha? Nikamfuata kwake nikijua leo atanimaliza, nikamweleza kwamba bila maneno yake ya kweli safari yetu imekufa, na hata akiyatoa, huenda wasitusamehe kule kufukuzwa.

Kalobwe akavua kofia. "Ndugu yangu," akasema, "nitasema vile ilikuwa. Mungu akuhurumie, weye na batoto."

Ndugu yangu! Mtu ambaye tangu utotoni aliniita chakula chake!

Dosye imekwenda, safari hii na "ndiyo" na maelezo yote na saini ya Kalobwe, jibu bado. Nimeapa: serikali yoyote ikiniuliza, nitajibu mpaka ambayo haikuuliza, na simu za viza nitazipokelea chooni. Lakini kinachonitisha zaidi ni Kalobwe. Tangu siku ile tukikutana mwaloni ananisalimia kwa upole, ananiuliza watoto wameamkaje. Jana nilishindwa, nikamwomba anitukane, kidogo tu. Akatikisa kichwa, akasema tungoje kwanza jibu.