Ukuta wa Nne wa Tembe

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa nachora mabango Singida Mjini. Kila mwenye chumba cha mbele alifungua saluni au kibanda cha video, na kila mmoja alitaka jina lake liandikwe kwa rangi nyekundu. Niliipenda kazi hiyo mno. Baba hakuipenda hata kidogo. Alikuwa karani, mtu wa mihuri na mafaili, na alishanijazia fomu ya chuo cha ualimu kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Mwongozaji wao aliliona bango langu la kinyozi, lenye kichwa kilichonyolewa upande mmoja tu, akacheka na kuuliza mchoraji ni nani. Hadithi yake ilikuwa ya zamani na alitaka ajengewe tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, kama lile la mababu, ila upande wa mbele ubaki wazi ili kamera ione ndani. "Utaweza?" akaniuliza. Nilijibu naweza kabla sijaelewa vizuri ninaulizwa nini. Nilimwomba Baba aniachie kazi hiyo moja: nikishindwa, nakwenda ualimu bila neno. Alikubali upesi, na nilijua kwa nini. Hakuwa na shaka kwamba nitashindwa.

Nikaenda kijijini Unyambwa kwa shangazi yangu, dada yake Baba. Yeye ndiye aliyewaongoza wanawake wa pale wakati wa kukandika nyumba. Wanaume walisimamisha nguzo, wakalaza boriti na fito, wakapandisha udongo juu ya paa. Wanawake wakaanza kukandika kuta. Kila asubuhi nilifika mbio. Nilikuwa nimezoea kuchora vitu vinavyobaki bapa ukutani, na sasa mchoro wangu ulikuwa na kivuli, na mbuzi walikuja kulala kwenye kivuli hicho! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku moja kabla ya kamera kuwashwa nilikwenda mjini kutafuta vibuyu na mitungi ya kupamba ndani. Niliwaambia wanawake waziwazi: kuta tatu, mbele muache. Wakaitikia vizuri sana. Ningejua wanawake wa kwetu wakiitikia vizuri namna hiyo maana yake nini, nisingeondoka.

Kesho yake nilifika pamoja na mwongozaji. Tembe lilikuwa na kuta nne. Ule wa mbele ndio uliopendeza kuliko yote, umesuguliwa ukasuguka, umepakwa udongo mwekundu na majivu, na mlango mdogo katikati.

"Shikamoo, shangazi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umeona?"

"Shangazi, si nilisema mbele muache?"

"Ulisema. Lakini watu wanapita barabarani. Waseme wanawake wa Unyambwa wamechoka, wameacha nyumba wazi kwa ajili ya fisi? Tukaona tukusitiri."

Mwongozaji aliinama akachungulia mlangoni. Giza tupu. Akatazama saa, akasema jua likivuka utosi kamera haijaona ndani, atahamia kwenye ukumbi wa shule na seremala wake atamgongea mbao. Aliongea kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi.

Ningeweza kubomoa. Jembe lilikuwa pale pale. Lakini shangazi alisimama mbele ya ukuta wake, udongo umemkaukia mpaka viwikoni, na mimi sikuwa na moyo wa kumwaibisha mbele ya wageni. Hasira zilinipanda, machozi yakafuata, nikatazama juu ili yasidondoke. Juu ya paa la jirani mwanamke mmoja alikuwa anaanika uwele. Alitembea huku na huko na ungo wake kama yuko uani.

"Shangazi! Paa hili linabeba watu wangapi?"

"Tukipura, tunapanda sita."

"Na nikilitoboa?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Paa kila mwaka tunalifumua. Ukuta wazi ndio aibu, paa lina aibu gani?"

Sikumaliza kumshukuru. Tulipanda wanawake watano na mimi, tukakwangua udongo kati ya boriti mbili, tukang'oa fito, vumbi likatujaa puani, na ghafla jua likaanguka ndani ya nyumba. Lilitua juu ya mitungi niliyoileta, juu ya jiwe la kusagia, juu ya sakafu ambayo shangazi alikuwa anaifagia upya. Nilipiga kelele. Mwongozaji alipanda na kamera, akalala kifudifudi juu ya paa kwa shati lake jeupe, akachungulia. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mwezi ujao tuko Dodoma. Utakuja?"

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nilimweleza Baba yote kwa pumzi moja, ukuta, paa, jua, Dodoma. Alinisikiliza akiwa ameshika gazeti, hakugeuza ukurasa hata mmoja. Nilipomaliza alilikunja gazeti, akaliweka juu ya ile fomu ya ualimu.

"Kaoge," alisema. "Kisha ulale mapema. Mtu mwenye kazi yake haonekani nyumbani saa mbili asubuhi."