Tulivyozima Boila Kwenda Kilioni

Mama yangu amehamishwa mara nyingi kuliko mizigo. Kwetu Fizi alikimbia vita na mimi nikiwa mgongoni. Kisha kambi, kambi nyingine, ndege ya Marekani, Louisville, halafu Columbus, na mwisho Buffalo, kwa sababu mimi nilisikia kwamba huko, mtaa wa Black Rock, nyumba ni za bei rahisi. Siku tuliyopewa ufunguo aliingia, akazunguka vyumba vyote, kisha akaketi kwenye ngazi. "Bon, hapa ndio mwisho," akaniambia. "Sihami tena mpaka munizike." Nikamwapia kwamba hatahama tena. Nilikuwa na furaha, ningeapa chochote.

Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu. Chini kabisa, ndani ya ardhi, kulikuwa na boila ya kuchemsha maji, na pampu ya chuma iliyoyasukuma maji hayo hadi kwenye rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha joto kila chumba. Pampu ile ilinizidi umri. Mwezi wa kumi na moja ikaanza kukoroma, siku moja ikanyamaza, na chumba cha mama kule ghorofani kikawa hakikaliki kwa baridi. Alivaa makoti mawili, akasema hana shida. Alikuwa na shida. Alikohoa mchana kutwa mpaka nikamkasirikia, kana kwamba anakohoa makusudi.

Nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa mitambo kwenye kiwanda huko Columbus. Akaja Jumamosi na vyombo vyake na pampu mpya, ndogo mpaka nikacheka.

"Shemeji, hii ndiyo itapasha nyumba nzima? Umeniletea ya mtoto kuchezea."

"Wewe shika tochi, nyamaza."

Tukafunga vali, tukamwaga maji. Yalitoka meusi, yananuka kutu. Mama akashuka na ndoo. Mtu aliyepanga foleni ya bomba miaka ishirini hawezi kuona maji yanamwagwa hivi hivi, akachota ndoo tatu za kudekia baraza, na sisi hatukuthubutu kumkataza. Bolti moja iligoma saa nzima, nikaitukana kwa Kibembe. Jioni shemeji akapanda kutoa hewa kwenye rejeta ya mama. Ikafoka, ikatema maji, na baada ya muda mama akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma, asiviondoe. Kikohozi kilimwisha kabla ya Krismasi.

Mwezi wa kwanza mjomba wangu, mdogo wake mama, akafariki Columbus. Kwetu kilio hakiendewi kwa simu. Watu wetu wote wa Buffalo, wa kanisani na wasio wa kanisani, walipanga magari, na ukishafika unakaa mpaka matanga yaishe. Tulipokuwa tunatoka mama akasimama mlangoni.

"Umezima moto?"

Kule kambini jirani yetu aliacha makaa kwenye jiko akaenda kuchukua mgao. Mstari mzima wa nyumba za nyasi uliungua, na mtoto mmoja ndani yake. Tangu hapo hakuna hata mmoja wetu anayeacha moto kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikachomoa pasi, nikachomoa birika. Kisha nikashuka chini nikazima boila na pampu yake. Nilijiona mtu mzima mwenye akili. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Siku ya pili ya matanga tulikuwa tunakula, shemeji akaniuliza pampu inaendaje. Nikamwambia nimeizima, ipumzike kidogo. Akaweka sahani chini. Akafungua simu, akatafuta hali ya hewa ya Buffalo, akanionyesha. "Donc," akasema polepole, "maji yamo ndani ya mabomba. Kwa baridi hii yataganda, yayapasue."

Utasema, si ungempigia mtu? Nani? Kila mwenye ufunguo wangu alikuwa ameketi kwenye viti vya kilio kile kile. Jirani yangu Mmarekani tunapungiana mikono tu, namba yake sina. Ningeweza kuendesha mwenyewe, ni mwendo wa saa tano na kitu. Lakini mjomba alikuwa hajazikwa, na mimi ndiye mpwa mkubwa, wa kushika jeneza mbele. Nikabaki. Nilimbeba mjomba wangu huku nawaza mabomba, Mungu anisamehe.

Tuliporudi, mlango tuliusukuma wawili, barafu ilikuwa imeushika kwa ndani. Rejeta ya mama ilikuwa imepasuka katikati. Dari ya sebule ilikuwa sakafuni. Watu wa bima waliuliza ni nani aliyezima joto, nikasema ukweli, ni mimi, wakaandika, wakaenda zao bila kulipa kitu. Shemeji akaja tena, akakata mabomba ya ghorofani na kuyaziba, akaokoa vyumba viwili vya chini. Pampu ilikuwa nzima. Inafanya kazi mpaka leo, sina la kuilaumu.

Katika vyumba viwili tulijibana watu saba, na kikohozi cha mama kikarudi, kikali kuliko kile cha kwanza. Dada yangu akaja kutoka Louisville kumchukua. Hakuna aliyepiga kelele. Mama hakunilaumu, ingawa ningependa anilaumu, na mimi sikumkumbusha ni nani aliyeuliza habari za moto. Nadhani sote wawili tulikuwa tunaliwaza hilo hilo. Nikamfunga mkanda wa gari.

"Ni kwa muda tu, mama. Kiangazi nitakuja kukuchukua, naapa."

"Usiape, mutoto yangu," akasema.

Viangazi viwili vimepita na ghorofani bado hakuna joto. Dada anasema sanduku la mama liko nyuma ya mlango, limefungwa. Nguo anazotoa anazifua, anazikunja, anazirudisha humo humo, na kabati alilonunuliwa liko tupu. Nikimpigia anauliza habari za watoto. Habari za nyumba haulizi.