Helikopta Isiyo na Feni Mkiani

Mfaume alimaliza darasa la saba Chamazi, akakaa nyumbani mwaka mmoja, kisha mjomba wake akamchukua kwenye karakana yake ya useremala Keko. Sasa ana miaka arobaini na tisa. Mjomba alishafariki, lakini karakana ni ile ile ya mabati kando ya barabara, na ndani yake Mfaume anatengeneza vitanda, makabati na meza. Anaunganisha mbao bila msumari hata mmoja, na ukipitisha kidole huoni kiungo kilipo. Kuongea na mteja ndiko kunakomshinda. Mteja akisimama mlangoni, yeye huinamia randa kana kwamba mbao imemwita.

Kuongea ni kazi ya Mbwana, mwenzake. Mbwana huita wapita njia, hupokea picha kutoka kwenye simu zao, humwonyesha Mfaume, naye Mfaume hutengeneza. Kitanda kikiisha, mteja humshukuru Mbwana na kumsifu kwa mkono wake mzuri. Miaka ishirini imekwenda hivyo. Mfaume hakuwahi kulalamika kwa mdomo.

Jumanne moja mwezi wa saba alikuja mama wa makamo aliyevaa miwani, mkononi ana mfuko wa nailoni. Aliitwa Kokushubila, mkazi wa Kimara, mstaafu aliyetunza stoo ya vipuri vya ndege kwa miaka thelathini. Kutoka kwenye mfuko alitoa helikopta ndogo ya mbao, imepakwa vanishi vizuri, akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Hii nilitengenezewa huko mbele," alisema. "Fundi ameiharibu. Nimempa picha, akaongeza vya kwake. Sasa sitoi kazi mpaka fundi aniambie kwanza picha hii ni ya kitu gani."

Akakunjua karatasi. Ilikuwa fotokopi ya mchoro, imefifia. Kitu kilichochorwa kilikuwa na tumbo nene, mkia mfupi, na nyuma kabisa panga dogo la kuzunguka lililoelekea nyuma. Juu palikuwa na mapanga, lakini mistari yake ilijirudia, mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo mama," alisema Mbwana. "Hilo jambo dogo. Huyo fundi amekosea kabisa, hiyo si helikopta, ni boti. Si unaona panga lake la nyuma?"

"Boti ina mapanga juu?"

"Basi helikopta iliyokatika mkia. Imepata ajali."

Mafundi wa karakana za jirani walishaanza kusogea. Anwar, anayeshona sofa, alisema ni mashine ya kusaga juisi. Mwingine akasema ni pampu ya kisima.

"Na hayo mapanga juu ni ya kuchota maji?" Anwar alimuuliza.

"Wewe mwenye juisi unanicheka mie?"

Kokushubila hakucheka. Aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza, halafu akaanza kuikunja karatasi.

Mfaume alikuwa ameshaielewa picha. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kazi yoyote. Mteja huyu hakutafuta mtu wa kunakili, alitafuta fundi anayeelewa anachokitengeneza, na kwa kazi kama hiyo Mbwana asingeweza kusimama mbele yake. Lakini ilibidi aseme, na watu walikuwa saba.

"Mama," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi airudie. "Mama, naomba niione tena."

Mbwana aligeuka. "Ala!"

Mfaume aliitandaza karatasi kwenye mwanga. "Nyie mnaona fotokopi imetikisika," alisema bila kumtazama mtu. "Ingetikisika, na tumbo lingejirudia. Na mkia. Hapa kilichojirudia ni mapanga peke yake. Kwa hiyo yamechorwa hivyo. Yapo mawili, moja juu ya jingine."

"Ya nini mawili?" aliuliza Kokushubila.

Hapo maneno yalimwishia. Alichukua drili, akaitia keekee nene ya kutobolea, akamkabidhi Mbwana na kumwonyesha kipande cha mninga chenye fundo kilichobanwa kwenye jiliwa.

"Toboa hapo kwenye fundo. Mkono mmoja."

Mbwana alitoboa. Keekee ilinasa kwenye fundo, drili ikajipinda na mkono wake, akaiachia.

"Unataka kunivunja mkono, braza!"

"Keekee imeenda huku, drili imetaka kwenda kule," alisema Mfaume. "Helikopta ndivyo ilivyo. Panga likizunguka, mwili unataka kuzunguka upande wa pili. Feni ya mkiani ndiyo inayouzuia. Hii haina feni hiyo, kwa sababu mapanga yake mawili yanazunguka kila moja na upande wake, yanazuiana yenyewe. Hilo dogo la nyuma linasukuma tu. Mbwana hakukosea sana kusema boti."

Kokushubila alishika helikopta aliyokuja nayo, akaigeuza. Mkiani, ubavuni, ilikuwa imebandikwa feni ndogo.

"Yule aliona hakuna, akadhani nimesahau," alisema. "Jina lako nani?"

"Huyu anaitwa..." Mbwana alidakia.

"Sijakuuliza wewe, baba."

"Mfaume," alisema Mfaume.

"Lini itakuwa tayari?"

"Ijumaa ya wiki ijayo, mama."

Haikuwa tayari Ijumaa. Panga la nyuma alilichonga mara tatu, na Kokushubila alipokuja ilibidi asubiri kwenye stuli huku la mwisho likipigwa msasa. Alimwambia Mfaume kwamba helikopta ile haikuwahi kupewa jina, ilikuwa na namba tu. Ilichorwa na wahandisi wa ng'ambo, wakubwa wao wakaikataa, ikabaki kwenye karatasi.

"Waliikataa kwa nini?" aliuliza Mfaume.

Alimweleza. Mfaume akauliza mapanga mawili yanashikwaje kwenye nguzo moja. Akauliza uzito. Akauliza kama rubani akitaka kugeuka kushoto anafanyaje, na injini ikizimika je, na kama kuna nyingine zilizokataliwa.

"Fundi," alisema Kokushubila, "wewe maneno yako hayaishi."

Mbwana alikuwa barabarani na mteja wa kabati. Alimwacha mteja, akaingia ndani kuangalia ni fundi gani anayeambiwa hivyo.