Siku Nilipoitangaza Bawasiri Yangu Kwenye Ofisi ya Viza

Mkasa huu nilikuwa nimeshauzika kabisa, ila kwa kuwa kila nikikatiza mtaa wa Greyville hapa Durban kuna mtu ananiuliza "afya vipi, kaka?" huku amebana midomo asicheke, nimeona bora niusimulie mwenyewe, maana ule unaozunguka kwenye masaluni ya Wakongo umeshatiwa chumvi hadi hauliki. (Ati nililia. Sikulia. Macho yalijaa tu.)

Kwanza mnijue. Mimi ni Gideoni, mzaliwa wa Tanga, lakini wazazi wangu walihamia Uingereza nikiwa mdogo, kwa hiyo pasipoti yangu ni ya Uingereza na Kiswahili changu ni cha mama yangu, ambaye hata baada ya miaka yote hiyo Leicester hajawahi kuruhusu lugha nyingine mezani kwake. Mke wangu ni Ploi, Mthai. Tulikutana alipokuja Uingereza kusomea ushonaji, tukaoana, kazi ya chuo ikanileta Durban, tukapanga nyumba Glenwood, naye akafungua duka la kushona magauni ya harusi kule Greyville, ubavuni mwa saluni ya Wakongo. Nyumbani tunaongea Kiingereza. Kiswahili, kwa nilivyojua mimi, alikuwa hana hata neno.

Sasa, ndoa ya pasipoti mbili si mchezo. Mimi nikitaka kwenda Ulaya nachukua begi tu. Ploi akitaka kwenda huko huko lazima apeleke picha, karatasi za benki, cheti cha ndoa, mkataba wa nyumba, tiketi ya kurudi na bima ya safari, halafu asubiri huku anaomba Mungu. Tukienda kwao Thailand mambo yanageuka, mimi ndiye ninayesimamishwa dirishani kuulizwa nitaondoka lini, yeye ameshapita zamani, ananipungia mkono kwa mbali kama mtu anayeaga maiti. Tulishazoea. Tulikuwa hata tunataniana kwamba siku moja tutapata nchi inayotusumbua sote wawili sawasawa.

Basi mdogo wangu Neema akapata mchumba Ujerumani, harusi ikapangwa huko, na gauni akashona Ploi. Jamani, lile gauni! Lilining'inia sebuleni kwetu kwa wiki kadhaa, mimi nalipita kwa upande kama mwizi, nikinywa chai jikoni nisije nikalimwagia. Neema alikuwa amesema wazi, gauni lije na mshonaji wake, asipokuja wifi yangu nani atanibana kiuno? Na zaidi ya gauni kulikuwa na jambo ambalo mimi nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo: harusini ndipo Ploi na mama yangu wangeonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Mama hakuja kwenye ndoa yetu. Alisema miguu inamuuma. Miguu haikuwa inamuuma.

Siku ya miadi ya viza tukafika mapema, tumevaa vizuri, mafaili yamepangwa. Ukumbi umejaa. Dada wa dirishani akapekua, akapekua, akasimama kwenye karatasi ya bima.

"Hii ni bima ya nani?"

"Yetu," nikasema kwa kujiamini.

"Hapa kuna jina lako peke yako, sir. Na wewe huombi viza."

Nikaichukua. Kweli. Nilikuwa nimejaza kwenye mtandao huku naangalia mpira, pale kwenye jina la msafiri nikaandika langu, nikalipa, nikaendelea na mpira. Yaani asiyehitaji viza alikuwa na bima hadi ya mizigo, na anayehitaji viza hana kitu. Dada akatuambia wanafunga saa sita, tukileta bima kabla ya hapo atatupokea, tusipoleta tutafute miadi mingine, na miadi ya karibu ilikuwa baada ya harusi. Ploi alikunja tu mikono akaenda kukaa karibu na mama mmoja mnene mwenye kofia kubwa, na mimi nilivyomwona amekunja mikono vile nilitamani anitukane.

Nikapiga simu kampuni ya bima. Hapa lazima niwaeleze kuhusu simu yangu: ilikuwa imeanguka kwenye sinki, tangu siku hiyo sauti ya sikioni ikafa, ikabaki ya spika tu. Mtu mwenye akili angetoka nje. Lakini nje kulikuwa na upepo wa kuezua mabati, nikajiambia dakika mbili tu, nikajibanza kwenye kona.

Akapokea kijana mmoja, Kiingereza chake kina lafudhi ya Afrika Mashariki, nikamwuliza, "Wewe si Mkenya wewe?" Akacheka, akasema yeye ni Mutua wa Machakos. Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi. Nikasema, "Basi ndugu yangu tuongee Kiswahili, niko katikati ya watu, sitaki wasikie mambo yangu."

(Nawaona mnavyonitazama. Najua. Ukumbi wa viza, Durban, wenye Wakongo wanaokwenda kuona ndugu zao Ubelgiji na Watanzania wanaofuata mizigo. Najua!)

Mutua akasema ni rahisi kufuta ile ya kwanza na kutengeneza moja ya mume na mke, ila lazima aniulize maswali ya afya upya. Nikasema uliza tu.

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Mmoja. Mdogo. Huku nyuma."

"Nyuma wapi, mgongoni?"

"Chini ya mgongo."

"Kwa miguu?"

"Juu ya miguu, ndugu yangu. Katikati!"

"Sikusikii vizuri, laini yako inakatakata."

"BAWASIRI!" nikapaza sauti. "Bawasiri, Mutua! Walinikata, nikalala kifudifudi wiki nzima, sasa nimepona!"

"Pole sana. Na ukikaa kwa ndege masaa mengi, inarudi?"

"Nakaa upande upande," nikasema.

Nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Sikujali, nikadhani ni mafua.

Akaniuliza kuhusu mke wangu. Nikasema ni Mthai, mzima kama chuma, ila anakoroma kama trekta. Akauliza kama yuko hapo athibitishe. Nikasema, "Yupo, ila haelewi neno la Kiswahili, amekaa na mama mmoja mwenye kofia kama dishi la televisheni, sijui wanaongea lugha gani." Mutua akacheka, na mimi kicheko cha mtu wa kwetu kinanilegeza, nikaendelea: "Tena niambie, hii bima yenu inalipia mama mkwe? Maana mimi sihofii ajali wala mizigo, namhofia mama yangu. Kila akipiga simu ananiuliza atakaaje meza moja na mkwe asiyeweza hata kumwamkia, nami nikikata simu namwambia mke wangu eti mama anakusalimia sana."

Ukumbi mzima ukapasuka.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walipiga mapaja, mzee mmoja alivua miwani akafuta machozi, dada mwingine akaficha uso kwenye faili la mumewe. Mlinzi, Mzulu, akaja kuuliza kuna nini, na Mtanzania mmoja (sijui jina lake na sitaki kulijua) akamtafsiria kwa Kiingereza kuanzia mwanzo, bila kuruka kitu. Mlinzi akanitazama kwa huruma ya kweli. "Eish. Sorry, baba."

Yule mama mwenye kofia akasimama. "Papa, sisi wote tunasikia Kiswahili hapa. Njo kusema, kofia yangu iko na shida gani?"

Ndipo mke wangu, Ploi wangu, akageuza kichwa taratibu akasema, kwa Kiswahili, kwa lafudhi ambayo sijui niiite ya Bangkok au ya Bukavu:

"Mimi pia nasikia. Mimi hapana trekta."

Yule mama alikuwa Mama Furaha, mwenye saluni ya ubavuni mwa duka la Ploi. Mimi kila siku nikimpeleka mke wangu namshusha kwenye robot, yaani taa za barabarani kama wanavyoziita huku, nageuza gari, sijawahi hata kuingia kuwasalimia majirani zake. Na Mama Furaha alikuwa anamfundisha Kiswahili mwaka mzima, katikati ya kusuka vichwa, kwa siri, ili amshangaze mama yangu harusini.

Mutua akakamilisha kazi yake, bima ikaingia kwenye barua pepe, majina mawili, safi kabisa. Nikatazama foleni iliyokuwa mbele yetu, nikatazama saa, nikajua hatuwahi. Mama Furaha naye akaitazama, akapiga makofi. "Muache mugonjwa apite! Huyu hawezi kukaa sana!" Watu wakazidi kucheka, lakini wakajisogeza, mmoja baada ya mwingine, hadi yule mzee wa miwani aliyekuwa wa kwanza dirishani akanishika bega akasema pita mwanangu, hata mimi ninayo. Tukapita katikati yao mimi nimeinamisha kichwa, Ploi ameinua chake, na yule dada akaipokea bima kabla saa sita haijagonga.

Garini nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, akanikatiza.

"Sema Kiswahili. Mama hanitaki?"

"Hajakujua," nikasema. "Na mimi niliogopa kukuambia."

Akafunga mkanda. "Sawa. Basi usitafsiri tena. Mimi mwenyewe nitasema na yeye."

Viza ikatoka. Siku tuliyofika Ujerumani mama alikuwa amekaa sebuleni kwa Neema na kitenge chake, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Ploi akaenda moja kwa moja, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama. Mimi ni bibi ya Gideoni."

Mama akamtazama. Akanitazama mimi. "Bibi yake?" akasema. "Mwanangu, mimi ndiye mama yake, na bibi yake alishafariki Tanga. Wewe umetokea wapi?"

Ploi akadhani amekosea jambo baya, akaanza kueleza kwamba kwa Mama Furaha bibi ni mke, na mama akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kile ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba yangu akiwa hai. Akamvuta Ploi kwenye kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa. Aliyekufundisha ameanza vizuri, ila kazi bado ipo." Wakati gauni linafungwa vifungo chumbani, yeye alikuwa anamsahihisha, na Ploi anarudia na pini mdomoni.

Siku hizi mama akipiga simu hata hanitafuti mimi. Anamtaka mkwewe, wanaongea saa nzima, Kiswahili cha Tanga kikigombana na cha Kongo, na mimi nikipita wananyamaza.

Lakini kiapo nimekula, na nyinyi ni mashahidi: kuanzia sasa simu ya mambo ya mwili wangu nitapigia kwenye gari, vioo nimepandisha, na kabla sijasema neno kwa Kiswahili popote duniani, nitageuka kwanza nitazame nani amekaa nyuma yangu. Na majirani wa mke wangu nitawasalimia mmoja mmoja, kwa majina yao, na kofia zao nitazisifu.